Ndevu kwenye kidevu cha mwanamke: zinatoka wapi na zinatibiwaje

Kuna wanawake ambao siku yao huanza mbele ya kioo, mlango umefungwa kwa ndani, kibano mkononi, kidole kikipapasa chini ya kidevu kutafuta unywele uliochomoza usiku. Ukipatikana unang'olewa. Kidole kinarudi tena, kinapata mwingine. Mume hajui. Dada hajui. Watafiti waliowachunguza wanawake 88 wenye nywele za usoni nchini Uingereza, wakachapisha matokeo yao mwaka 2006, walikuta kwamba kwa wastani kila mmoja alitumia dakika 104 kwa wiki kuzishughulikia, na robo tatu yao walikuwa na wasiwasi wa kiwango kinachohitaji msaada wa tiba.

Hayo yote hufanyika kimya kimya, kana kwamba ni balaa lililompata mtu mmoja peke yake. Kumbe kati ya wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 5 hadi 10 huota nywele nene na nyeusi mahali ambapo tumezoea kuziona kwa mwanamume: juu ya mdomo, kidevuni, kifuani, tumboni, mgongoni, mapajani. Madaktari huiita hali hiyo hirsutismu. Yenyewe si ugonjwa bali ni dalili, na mara nyingi dalili hiyo ina maelezo yanayoeleweka na tiba inayosaidia.

Jambo moja ningependa lijulikane kabla ya mtu kutoa fedha yake kununua krimu yoyote. Wingi wa nywele si swali la kwanza. Maswali ya kwanza ni haya: zilianza lini, zimekuja kwa kasi gani, na zimeandamana na nini. Mwanamke mwenye nywele nyingi zilizoanza taratibu akiwa msichana, hedhi yake ikija kila mwezi bila kukosa, kwa kawaida yuko salama kuliko mwenye nywele chache zilizochipuka ndani ya miezi mitatu huku sauti yake ikianza kukwaruza.

Laika linapogeuka ndevu

Kiswahili kina neno ambalo vitabu vingi vya tiba vingelitamani: laika, kwa wingi malaika, yaani vile vinywele laini, vifupi, visivyo na rangi ya kuonekana, vilivyotanda karibu mwili mzima. Mwanamke anayo malaika usoni kote. Mtoto anayo. Mwili wa binadamu una vishimo vya nywele vipatavyo milioni 5, na vyote viliumbwa kabla hatujazaliwa. Hakuna kinachoongezeka baadaye. Kwa hiyo mwanamke aliyeota ndevu hajapata vishimo vipya. Vishimo vilevile vilivyokuwa vikitoa laika sasa vinatoa unywele mnene, mrefu, mweusi.

Kinachovigeuza ni homoni za kundi la androjeni, maarufu zaidi ikiwa testosteroni. Tumezoea kuziita homoni za kiume, na jina hilo limewaumiza wanawake wengi bure. Kila mwanamke mzima wa afya hutengeneza androjeni, na estrojeni yenyewe mwili huitengeneza kutokana nazo. Ni hizo androjeni zinazootesha nywele za kwapani na sehemu za siri wakati wa kubalehe, kwa sababu vishimo vya huko vinaitika hata zikiwa kidogo. Vishimo vya kidevuni na kifuani vinahitaji kiasi kikubwa zaidi. Nyusi na kope hazizitegemei androjeni kabisa.

Ndani ya kishimo kuna kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi iitwayo kwa kifupi DHT. Hapo ndipo penye ufunguo wa mambo mengi. Wanawake wawili wanaweza kuwa na kiwango kilekile cha testosteroni katika damu, mmoja akawa na kidevu laini na mwingine akawa ananyoa kila asubuhi, kwa sababu vishimo vya huyu wa pili vina kimeng'enya chenye bidii au vinaitika upesi. Na ajabu ya homoni hii ni kwamba juu ya utosi hufanya kinyume: huvidhoofisha vishimo vya nywele za kichwani. Ndiyo maana mwanamke mmoja anaweza kuota ndevu huku nywele zake za utosini zikipungua, akadhani ana magonjwa mawili.

Jambo jingine la kushika ni hili: laika likishageuka unywele mnene, halirudi kuwa laika kwa urahisi hata homoni ikishuka. Tutaliona umuhimu wake tukifika kwenye tiba.

Kiasi gani ni kingi?

Mwaka 1961 madaktari wawili wa Uingereza, David Ferriman na John Gallwey, walibuni njia ya kuhesabu. Toleo linalotumika leo hutazama sehemu 9 za mwili, kila moja ikipewa alama 0 hadi 4, jumla ikiwa 36. Kwa wanawake wengi weusi na weupe waliochunguzwa, alama 8 na kuendelea huhesabiwa kuwa hirsutismu. Kwa wanawake wa Asia Mashariki mpaka huo uko chini sana, na kwa wale wa Mashariki ya Kati na kandokando ya Bahari ya Mediterania uko juu kidogo, kwa sababu kila ukoo una urithi wake wa nywele. Mimi naona alama hizi zinamfaa daktari kuliko zinavyomfaa mgonjwa. Zina kasoro ya wazi: mwanamke mwenye ndevu nzito kidevuni pekee anaweza kupata alama 4, akaambiwa hana tatizo, ilhali maisha yake yote yanazunguka kidevu hicho. Na aliyenyoa jana hapimiki.

Tuitofautishe hirsutismu na hali nyingine iitwayo haipatrikosisi. Hiyo ni nywele kuongezeka popote mwilini, mikononi, miguuni, kwenye paji la uso, pasipo kufuata ramani ya mwanamume na pasipo kusukumwa na androjeni. Huweza kuwa ya kurithi, au kuletwa na kukonda kupita kiasi kutokana na kujinyima chakula, au na dawa: fenitoini ya kifafa, siklosporini wanayopewa waliopandikizwa figo, minoksidili inayopakwa kuotesha nywele za kichwani ikachuruzika usoni. Na hapa niseme jambo ambalo halisemwi vya kutosha: krimu kali za steroidi, zikiwemo zile zinazofichwa ndani ya vipodozi vya kung'arisha ngozi, zikipakwa usoni kwa muda mrefu huotesha nywele pale pale zinapopakwa. Mtu hupaka kutafuta weupe, akapata vinywele mashavuni, akaongeza krimu nyingine ya kuficha vinywele. Tiba ya kwanza hapo ni kuiacha ile krimu, kwa msaada wa daktari wa ngozi, maana ngozi iliyozoea steroidi huchachamaa ikinyimwa ghafla.

PCOS, jina lenye kupotosha

Wanawake wengi wenye hirsutismu, takriban 7 hadi 8 katika kila 10, wana PCOS, kifupi cha jina la Kiingereza polycystic ovary syndrome, yaani hali ya ovari zenye vifuko vingi. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika kuhusu wanawake 7 waliokuwa na hedhi za kusuasua na ovari kubwa zilizojaa vifuko vidogo. Baadhi yao walikuwa na nywele nyingi mwilini. Kutokana na vifuko hivyo likazaliwa jina, na jina hilo limewatia hofu wasichana wengi wanaoambiwa wana uvimbe kwenye ovari. Si uvimbe. Kile kinachoonekana kwenye ultrasaundi ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua, vikasimama njiani kabla ya kupevuka. Havihitaji kupasuliwa. Havigeuki saratani.

Kwa nini vinasimama? Hapa mambo yamesukana kama ukili, na kuvuta uzi mmoja ni kuvuta yote. Ubongo hutuma homoni ya LH kwa wingi kuliko kawaida, nayo huzichochea ovari kutengeneza androjeni. Wakati huohuo, kwa wanawake wengi wenye PCOS, mwili hauitiki vizuri kwa insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, hivyo kongosho huongeza kuitoa. Insulini hiyo ya ziada hufanya mambo mawili: huzisukuma ovari zitoe androjeni zaidi, na huliambia ini lipunguze protini inayoitwa SHBG. Protini hii kazi yake ni kuikamata testosteroni katika damu na kuizuia isifanye kazi. Ikipungua, testosteroni inayozurura huru huongezeka hata kama jumla yake haijabadilika sana. Androjeni zikizidi, vifuko vya mayai havipevuki, yai halitoki, hedhi inakosa mpangilio. Na mafuta ya tumboni yakiongezeka, insulini hupanda tena, mzunguko ukaanza upya.

Mzunguko huo ndio sababu mwanamke mwenye PCOS anaweza kuwa na ndevu, chunusi zisizokwisha utu uzimani, hedhi inayokuja mara nne au tano kwa mwaka, na weusi laini kama mahameli shingoni na kwapani. Weusi huo wengi huusugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu. Ni alama ya insulini iliyozidi. Mtu akija kwa daktari kwa sababu ya ndevu akaondoka na kipimo cha sukari, asione ameletewa habari ya pembeni. PCOS huongeza uwezekano wa kisukari, na hedhi isiyokuja kwa miezi mingi huacha ukuta wa mji wa mimba ukinenepa bila kumomonyoka, jambo ambalo baada ya miaka linaweza kuzaa saratani. Ndevu ndizo zinazomleta mwanamke hospitali. Hayo mengine ndiyo yanayofaa kumshughulisha daktari.

Kutambua PCOS kwa mtu mzima kunahitaji mambo mawili kati ya matatu: hedhi zisizo na mpangilio, dalili au vipimo vya androjeni kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi. Haya yalikubaliwa katika mkutano wa wataalamu mjini Rotterdam mwaka 2003. Maana yake ni kwamba mwanamke mwembamba anaweza kuwa nayo, na mwenye ultrasaundi safi pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo duniani hawajagunduliwa.

Kuna pia wanawake ambao hedhi yao iko sawa, vipimo vyao viko sawa, ovari zao ziko sawa, na bado wana ndevu. Hao huambiwa sababu haijulikani, na wengi huondoka wakihisi hawakusadikiwa. Maelezo yanayokubalika ni kwamba vishimo vyao vya nywele vinaitika kupita kiasi kwa homoni ya kawaida. Hakuna ugonjwa uliojificha nyuma yake, na tiba zinawafaa kama zinavyowafaa wengine.

Sababu chache, lakini zisizopuuzwa

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, adrenali. Wapo wanaozaliwa na kasoro ya kurithi katika kimeng'enya cha tezi hizo, hivyo badala ya kutengeneza kotisoli ya kutosha bila shida, malighafi hugeukia njia ya androjeni. Sura yake nyepesi hufanana sana na PCOS, na kinachozitenganisha ni kipimo cha damu cha 17-hidroksiprojesteroni kinachochukuliwa asubuhi na mapema, siku za mwanzo za hedhi. Ni muhimu kwa mwanamke anayepanga kuzaa, kwa kuwa mtoto anaweza kurithi sura nzito ya kasoro hiyo.

Kotisoli ikizidi, huo ni ugonjwa wa Cushing: uso unakuwa mviringo, michirizi mipana ya zambarau inatokea tumboni, ngozi inachubuka kwa kuguswa tu, na misuli ya mapaja inalegea hadi mtu anashindwa kuinuka alipoketi. Dawa nazo zina sehemu yake. Valproati ya kifafa, danazoli, na steroidi za kujenga misuli zote zinaweza kuotesha nywele, kwa hiyo orodha ya dawa mtu anazotumia ni ya kutajwa yote, hata ile anayoona haihusiki.

Baada ya hedhi kukoma, nywele chache ngumu kidevuni ni jambo la kawaida. Estrojeni imeshuka sana, ovari bado zinatoa androjeni kidogo, na uwiano umebadilika. Mama au bibi anayegundua nywele tatu au nne kidevuni akiwa na miaka 60 hana haja ya kuhangaika. Akiota ndevu nzito kwa miezi michache, hilo ni jambo jingine.

Na jambo hilo jingine ndilo ninalotaka lisisahaulike. Uvimbe kwenye ovari au adrenali unaotoa androjeni ni nadra sana. Miongoni mwa wanawake wenye hirsutismu hawafiki hata mmoja katika mia. Lakini haujifichi kwa anayejua kuutazama. Nywele huja kwa kasi, ndani ya wiki au miezi. Sauti inakuwa nzito. Nywele za kichwani zinarudi nyuma kwenye panda za uso kama za mwanamume. Kisimi kinakua. Misuli inajaa bila mazoezi. Hedhi iliyokuwa ikija vizuri inakatika. Mwenye dalili hizi asisubiri miezi, na asikubali kupewa krimu akaambiwa arudi mwakani. Vilevile mtoto wa kike anayeota nywele sehemu za siri au kwapani kabla ya kutimiza miaka 8 apelekwe kwa daktari.

Vipimo

Daktari mzuri huanza kwa maswali na macho, sio kwa sindano. Hedhi inakujaje, nywele zilianza lini, nyumbani kuna mwingine mwenye hali hiyo, unatumia dawa gani, unatarajia kushika mimba. Kisha testosteroni, ikiwezekana asubuhi. Hedhi ikiwa haina mpangilio huongezwa prolaktini (homoni ya maziwa), kipimo cha tezi ya shingo na ultrasaundi ya nyonga. PCOS ikithibitika, sukari, mafuta ya damu na shinikizo la damu.

Mambo mawili huharibu majibu na wagonjwa hawaambiwi. Vidonge vya uzazi wa mpango hushusha testosteroni, hivyo anayevitumia akapimwa anaweza kuonekana hana tatizo. Na bayotini, ile vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, huvuruga baadhi ya mashine za maabara na kuonyesha homoni kuwa juu au chini kuliko ilivyo. Ukiwa unaimeza, mwambie anayekupima.

Tiba: kazi mbili tofauti

Watu wengi hukata tamaa hapa, na hukata tamaa kwa sababu hawakuelezwa jambo moja. Kuna nywele zilizokwisha kuota na kuna nywele zitakazoota. Dawa za kumeza hushughulikia za kesho; haziziangushi za leo. Kunyoa na leza hushughulikia za leo, havigusi homoni. Anayemeza dawa akisubiri ndevu zianguke atasubiri bure, na anayepigwa leza huku homoni zikichemka ataona nywele mpya zikichipua kando ya zile zilizokufa. Kwa wengi, njia yenye matokeo ni kuzifanya kazi zote mbili kwa pamoja.

Tuanze na za leo. Kunyoa kwa wembe hakuzidishi nywele wala hakuzifanyi kuwa nene. Mwaka 1928 mwanaanatomia wa Marekani, Mildred Trotter, alipima nywele za wanaume walionyoa kwa utaratibu maalumu, akakuta hazikubadilika unene wala kasi. Kinachowadanganya watu ni ncha: laika lina ncha iliyochongoka, na ukilikata katikati linaacha kisiki butu kinachokwaruza. Kishimo kiko chini ya ngozi na hakijui juu kumetokea nini. Sioni sababu ya mwanamke kuona aibu kunyoa uso. Ni njia ya haraka na haiharibu kitu, ilimradi wembe ni safi na unafuata mwelekeo wa nywele.

Kung'oa kwa kibano, uzi au nta hudumu zaidi, ila kwa mwenye nywele za kujikunja kuna hatari. Unywele unaorudi hujipinda ndani ya ngozi, ukaleta kipele, usaha, kisha doa jeusi linalokaa muda mrefu kuliko unywele wenyewe. Mwenye ngozi inayoota keloidi, yaani makovu yanayovimba, awe mwangalifu maradufu. Krimu za kuyeyusha nywele hufanya kazi, lakini zijaribiwe kwanza sehemu ndogo ya mkono, kwa sababu ngozi ya uso huungua upesi.

Leza inahitaji maelezo marefu kidogo. Mwanga wake hufyonzwa na rangi nyeusi ya unywele, joto likashuka hadi kwenye mzizi na kuuunguza. Tatizo ni kwamba rangi hiyohiyo iko kwenye ngozi nyeusi. Mashine isiyofaa itaipiga ngozi badala ya unywele, ikaacha malengelenge, madoa meupe au meusi. Kwa ngozi nyeusi, leza iliyo salama zaidi ni ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064, kwa sababu hupenya chini kabla ya kufyonzwa sana na ngozi ya juu. Zile taa kali za kumulika zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani hazifai ngozi nyeusi kabisa. Kabla ya kulala kwenye kitanda hicho, uliza aina ya mashine na omba wajaribu sehemu ndogo kwanza. Wakishindwa kujibu swali hilo, ondoka.

Leza haimalizi kwa siku moja, kwa sababu humfikia unywele uliomo katika kipindi cha kukua tu. Huchukua vikao 6 au zaidi, vikipishana wiki kadhaa, na baadaye kimoja kimoja cha kutunza. Katikati ya vikao unaruhusiwa kunyoa, lakini using'oe, maana ukiutoa mzizi leza haina cha kuunguza. Haifanyi kazi kwa mvi. Na kuna kisa cha kushangaza kinachowapata wachache, hasa usoni: nywele huongezeka karibu na sehemu iliyopigwa. Mteja aambiwe kabla, sio baada.

Kwa mvi, na kwa nywele chache zilizotawanyika, kuna elektrolisisi. Sindano nyembamba huingizwa kwenye kila kishimo na umeme kidogo ukapitishwa. Daktari wa macho wa St. Louis, Charles Michel, ndiye aliyeeleza njia hii mwaka 1875 alipokuwa akiondoa kope zilizoota kuelekea ndani ya jicho. Ni ya polepole, inauma, na ikifanywa vibaya inaacha makovu, lakini haichagui rangi ya ngozi wala ya unywele.

Sasa nywele za kesho. Kwa mwanamke asiyetaka mimba kwa sasa, dawa ya kwanza huwa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini. Huituliza LH ili ovari zipunguze androjeni, na hulichochea ini kutengeneza SHBG ili testosteroni iliyobaki ikamatwe. Hakuna chapa iliyothibitika kuzishinda nyingine kwa nywele. Wasiofaa kuvitumia ni pamoja na wavutaji sigara wenye zaidi ya miaka 35, waliowahi kuganda damu kwenye mishipa, wenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona miale, na wenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa.

Miezi 6 ikipita bila mabadiliko ya kutosha, huongezwa dawa ya kuzuia androjeni. Inayotumika zaidi ni spironolaktoni, kidonge cha zamani cha kupunguza maji mwilini kwa wagonjwa wa moyo na shinikizo, kwa kawaida miligramu 100 hadi 200 kwa siku. Huziba mlango ambao androjeni hupitia kwenye kishimo cha unywele. Inaweza kuvuruga hedhi, kuongeza kukojoa na kupandisha potasiamu kwa wenye matatizo ya figo. Finasteridi nayo hukizuia kile kimeng'enya kinachotengeneza DHT. Onyo moja linazihusu zote na halina mjadala: mwanamke anayeweza kushika mimba asizitumie bila kinga ya uhakika, kwa sababu zinaweza kuharibu ukuaji wa viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume tumboni. Flutamidi, ambayo baadhi huipata kwa njia za panya, imewahi kuua watu kwa kuharibu ini, na miongozo haiipendekezi kwa nywele.

Metfomini inatajwa sana kwenye vikundi vya PCOS. Inasaidia insulini na hedhi, lakini kwa nywele peke yake haina nguvu ya maana, na mtu aliyepewa kwa ajili ya ndevu ana haki ya kuuliza. Kupunguza uzito kwa mwenye uzito uliozidi, hata asilimia 5 tu, mara nyingi hurekebisha hedhi na kupunguza hatari ya kisukari; ndevu hupungua kidogo. Nasema hivi kwa sababu nimechoka kuona wanawake wakiambiwa "punguza mwili kwanza" kana kwamba hiyo ndiyo tiba yote, wakarudi wamekonda na ndevu zao zipo vilevile.

Kuna pia krimu ya eflonithini ya kupaka usoni, na historia yake inagusa. Dawa hiyo ilitumika kwanza kwa sindano kutibu malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, ikiwainua wagonjwa waliokuwa wamezama katika koma. Uzalishaji wake ulisimama miaka ya 1990 kwa kukosa faida. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha dawa ileile kama krimu ya kupunguza kasi ya nywele usoni, na mwaka uliofuata, baada ya kelele za watetezi wa wagonjwa, yalifikiwa makubaliano na Shirika la Afya Duniani ya kuitengeneza tena kwa ajili ya malale. Krimu hiyo haiondoi unywele, huuchelewesha. Matokeo huonekana baada ya wiki 6 hadi 8, na ukiiacha nywele hurudia kasi yake ndani ya muda kama huo. Hufanya kazi vizuri zaidi ikifuatana na leza.

Anayetaka mimba sasa hivi ana njia chache: vidonge vinawekwa kando, na anabaki na njia za kuondoa nywele zilizokwisha kuota, kama kunyoa, kung'oa au nta, hadi atakapojifungua na kumaliza kunyonyesha.

Subira ya tiba hii ina kipimo chake. Unywele wa usoni hukua miezi kadhaa kabla ya kupumzika, na kilichokwisha kuanza kukua siku ulipomeza kidonge cha kwanza kitaendelea hadi mwisho wa safari yake. Kwa hiyo matokeo hayapimwi kabla ya miezi 6, na mara nyingi mtu huendelea kumeza kwa miaka, maana akiacha na chanzo bado kipo, nywele hurudi. Kioo cha kila asubuhi hakiwezi kuonyesha mabadiliko ya polepole namna hiyo. Piga picha siku ya kwanza, mahali pamoja na mwanga mmoja, na andika unanyoa mara ngapi kwa wiki. Aliyekuwa akinyoa kila siku, baada ya miezi 6 akawa ananyoa mara mbili kwa wiki, ampelekee daktari hesabu hiyo. Dawa inamfaa, na kipimo chake kisibadilishwe kwa sababu tu bado anaziona.